Mama Daksha na Chandarua cha Barazani

Kabla hajakipenda, Chanchalben alikichukia kile chandarua, na sababu ya chuki yake ilikuwa moja tu: kilimnyang'anya jua lake.

Nyumba yao ya mawe pale Malindi ilikuwa na pande mbili zisizofanana. Upande wa mashariki, uliokabili bahari, ndiko lilikokuwa duka la mumewe, Manilal, lenye majora ya merikani, magunia ya mchele na mapipa ya samli. Upande wa magharibi kulikuwa na jiko, kisima, na baraza pana iliyopakana na kichochoro wanachopita watu watokao mashamba. Adhuhuri ikishapita, jua lote liliiangukia baraza ile, na hapo ndipo Chanchalben alipoanika papadi zake, vile vikaki vyembamba vya unga wa dengu, pilipili zake nyekundu, na vipande vya embe mbichi vya kutilia achari. Hakukaa pale. Mke wa mwenye duka, na tena wa Kibanyani, hakukaa mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Alitoka kichwa kikiwa kimefunikwa na upindo wa sari, akageuza papadi zake, akarudi ndani. Hata hivyo alijua kila jiwe la baraza ile lilivyoshika moto, na lipi lilikausha upesi kuliko mengine.

Kisha Manilal akaenda Mombasa kwa shughuli zake, akafikia nyumbani kwa jamaa yake mmoja, na huko akaona kitu ambacho hakikumtoka tena moyoni. Alirudi akikisimulia wakati wa kula, akichora hewani kwa kidole. Msimu uliofuata, jahazi lililotoka Bombay likashusha kasha refu lililofungwa kwa kamba za katani, na ndani yake mlikuwa na turubai nene lenye mistari ya kijani na nyeupe, mti wa mviringo wa kulivingirishia, mikono miwili ya chuma yenye bawaba, na mpini mrefu uliopinda mara mbili kama kiwiko cha mtu. Watu wa mji walipoona kitu kile kikipachikwa ukutani juu ya baraza walikiita chandarua. Chanchalben alitabasamu kidogo alipolisikia neno hilo, kwa maana nyumbani kwao Porbandar, alikozaliwa, kitambaa kinachotandazwa juu ya bwana na bibi arusi kiliitwa kwa jina linalokaribiana sana na hilo. Lakini tabasamu hilo halikudumu. Mchana wa siku ya kwanza, Manilal aliutia mpini katika pete yake, akazungusha, na turubai likateremka taratibu likiegemea ile mikono ya chuma, mpaka baraza nzima ikawa na kiza cha baridi kama ndani ya mtungi. Papadi zilizokuwa zimeanikwa zikabaki mbichi.

Alimlalamikia mumewe, si kwa sauti kubwa. Manilal akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Jua liko kila mahali, mama Daksha," alisema. "Kivuli ndicho kinachotafutwa."

Basi akahamishia vitu vyake vya kuanika karibu na kisima, ambako ukuta wa jirani ulilizuia jua mapema, na mwaka ule pilipili zake nyingi ziliota ukungu.

Manilal hakumruhusu mtu kukigusa kile chandarua. Mpini wake aliuning'iniza kwenye msumari chumbani mwao, karibu na kitanda. Kila alasiri, baada ya kulala kidogo, aliuchukua, akatoka, akazungusha. Meno ya chuma yalilia kr-kr-kr, na kidude kidogo cha kuzuia, walichokiita komeo, kikaingia katikati ya meno ili turubai lisikimbie. Jua likizama alilikunja tena. Mvua ikinyesha aliliacha wazi hadi likauke, kwa kuwa turubai likikunjwa na maji huoza. Mara kwa mara aliyapaka meno yale mafuta ya mbarika. Alasiri wageni wake walikuja kukaa chini yake, wafanyabiashara na mabwana wa mashamba, wakanywa chai na kuzungumza bei ya ufuta. Chanchalben aliipeleka chai hadi kizingitini, akagonga kikombe kwa ukucha, na Manilal akainuka kuipokea. Ndani, nyuma ya mlango, alizisikia sauti za watu wanaofurahia mahali palipokuwa pake.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka 1911, katika ule mwezi wa joto zito kabla ya masika. Manilal alikuwa dukani akimpimia mteja kitambaa. Kijiti cha kupimia kikamponyoka. Alijaribu kuinama kukiokota, mguu ukakataa, akaanguka juu ya majora yake mwenyewe. Walipomwinua, upande mzima wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda kando, na maneno yaliyomtoka hayakuwa maneno.

Mdogo wake, Ishwarlal, aliyekuwa akimsaidia dukani, akashika duka lote. Daksha, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Mombasa. Alikuja akamlilia baba yake, akakaa siku kadhaa, akarudi kwa mumewe. Chanchalben akabaki na mgonjwa katika chumba cha ndani, chumba chenye dirisha moja dogo, akimlisha uji wa mchele kwa kijiko na kumfuta mdomo.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba mumewe alitaka kitu, na hakuna aliyejua ni kitu gani. Alikuwa akiinua mkono wa kushoto na kuuelekeza ukutani, akitoa sauti ya kukwaruza. Wakamletea maji. Wakamletea koti lake. Ishwarlal akaishusha picha ya Krishna iliyokuwa ukutani, akaiweka kifuani pake, na Manilal akafumba macho kwa uchovu wa mtu asiyesikizwa. Siku moja Chanchalben, badala ya kuutazama mkono, aliyatazama macho. Yalikuwa yamepita picha, yamepita koti, yamekwenda kutua kwenye msumari na ule mpini wa chuma.

"Unataka kutoka nje?" alimwuliza.

Machozi yakamteremka Manilal kwenye shavu moja.

Ishwarlal na mchukuzi wa duka wakakibeba kitanda cha kamba hadi barazani, na Ishwarlal mwenyewe akakifungua chandarua. Lakini Ishwarlal alikuwa na duka la kuangalia. Alizungusha mpini kwa pupa baada ya chakula cha mchana, akaondoka, na jua halikumngoja. Lilizidi kushuka, likapenya chini ya ukingo wa turubai, likamshika mgonjwa miguuni, likapanda magotini, likafika kifuani. Chanchalben alijaribu kukivuta kitanda akashindwa. Akashika upindo wa sari yake akausimamisha kama pazia mpaka mabega yakamwuma. Kesho yake, jua lilipoanza kupenya, aliingia chumbani, akauangua mpini pale ulipokuwa, akatoka nao.

Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Ndoano yake ilimsumbua kuipata pete kule juu, na alipoipata, akazungusha upande aliouona kuwa ndio. Turubai likajikunja. Akazungusha kinyume chake, nalo likashuka, likafika mwisho, na yeye hakujua kuwa limefika mwisho. Akaendelea. Mti ule ukaanza kulivingirisha upya kwa upande wa nyuma, na turubai likafanya tumbo kubwa katikati, likaning'inia juu ya mgonjwa kama kiwele cha ng'ombe asiyekamuliwa. Chanchalben alisimama na mpini mkononi, jasho likimtoka, akiingoja ghadhabu ya mumewe. Badala yake akasikia sauti ngeni. Aligeuka. Manilal alikuwa akicheka. Alicheka kwa nusu ya uso, kwa sauti ya kukoroma, na kitanda kilitikisika. Hakuwa amecheka tangu kuanguka.

Kisha akaanza kumfundisha. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kufundishia, na huo haukuwa ule aliouzoea. Kidole kimoja kikiinuka: zungusha. Kiganja kikikunjuka: simama. Mkono ukipunga taratibu kama anayebembeleza mtoto: polepole, usikivunje. Alimwonyesha jinsi ya kuliinua komeo kabla ya kurudisha, na jinsi ya kusikiliza sauti ya meno, kwa kuwa meno yenye njaa ya mafuta hulia kwa kukauka. Somo lile lilichukua alasiri nyingi. Mumewe, aliyekuwa hana subira na karani wala mchukuzi, alimvumilia yeye, na Chanchalben akatambua kitu kilichomshangaza: wakati wote ule aliodhani Manilal anajionyesha kwa wageni, kumbe alikuwa akikipenda kitu chenyewe, mzunguko wake, na namna baraza inavyobadilika kidogo kidogo mikononi mwa mtu.

Wawili hao walikuwa wameoana tangu Chanchalben akiwa msichana, wakazaa, wakazika watoto wawili kabla ya Daksha, na bado hawakuwahi kukaa pamoja mchana kweupe. Mchana ulikuwa wa duka na jiko. Sasa walikaa. Yeye alichambua mchele kwenye ungo, au alikatakata bamia, na kila mara jua liliposogea aliinuka akaongeza mzunguko. Manilal alikitazama kichochoro. Maneno machache yalianza kumrudia, moja moja, na alilitumia kila moja kwa uangalifu. Jioni moja alisema "jua," akimaanisha kwamba jua limetua na turubai likunjwe. Jioni nyingine alisema "mama Daksha" tu, na haikuonekana kwamba alikuwa akitaka chochote.

Ishwarlal hakupendezwa. Alimjia shemeji yake jikoni, akainamisha macho kwa heshima, akamweleza kuwa watu wanasema. Mwanamke wa nyumba yao anaonekana barazani kila siku, mpini mkononi kama baharia, na kichochoro ni cha kila mtu. Akapendekeza kuajiri mtu wa kufanya kazi ile.

"Mtu huyo atajua lini jua limemfika kaka yako miguuni?" aliuliza Chanchalben.

Ishwarlal akasema mtu anaweza kufundishwa.

"Mimi nimekwisha kufundishwa," alisema Chanchalben, akarudi kwenye sufuria yake.

Waliopita kichochoroni wengi wao walikuwa Wagiriama, wanaume kwa wanawake, wakileta mjini mahindi, mbarika na kuni, wengine wakitoka mbali ng'ambo ya mto Sabaki. Mwanzo wa alasiri, kivuli cha chandarua kilifika hadi ukingo wa njia, na wenye mizigo walijifunza kutua hapo kidogo. Chanchalben hakukipenda kitendo hicho mwanzoni. Alikuwa na kata ya kifuu iliyotundikwa nje, akiwateremshia maji kutoka juu bila vyombo vyake kuguswa, kama alivyofunzwa tangu utoto, lakini kukaa kwao karibu hivyo na ukingo wa baraza kulimtia wasiwasi.

Mmoja wao alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na kubeba kapu ambalo wanaume wawili wangeligombania wasilibebe. Siku aliyokaa pale mara ya kwanza, kivuli kilikuwa kimerudi nyuma, akabaki mwili ndani na miguu juani. Alikuwa na kidonda kisiginoni. Alikitazama kisigino chake kama mtu atazamaye kitu cha jirani. Chanchalben alimwona, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasikia kitanda kikilia. Manilal alikuwa ameinua kidole.

Chanchalben alidhani jua limemfika mumewe. Akaangalia, alikuwa kivulini kabisa, kuanzia kichwani hadi vidoleni. Kidole kilibaki juu. Ndipo akafahamu. Akaushika mpini, akazungusha, na ukingo wa turubai ukasogea nje mpaka miguu ya yule mwanamke ikaingia kivulini. Manilal akakunjua kiganja: basi, yatosha.

Mwanamke yule akainua uso. Akashukuru, akasema jina lake ni Kahonzi, ila kwao watu humwita Mekahindi, maana mwanawe wa kwanza ni Kahindi.

"Na mimi naitwa mama Daksha," alisema Chanchalben. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujitaja kwa mtu wa kichochoroni.

Tangu hapo Kahonzi akija mjini alitua pale. Walizungumza, mmoja juu ya baraza, mwingine chini njiani, Kiswahili cha kila mmoja kikiwa na lafudhi ya kwao. Walizungumza habari za mvua, za watoto waliokufa na waliobaki, na za namna ya kuzuia fukusi katika mahindi. Kahonzi alimletea mafuta ya mbarika yaliyokamuliwa nyumbani kwake, mazito na safi, na meno ya chandarua yakanyamaza kulia.

Masika ya mwaka uliofuata yalianza kwa ghafla. Alasiri hiyo mbingu ilikuwa imetulia, rangi ya risasi, na Chanchalben aliona wingu limesimama upande wa bara. Aliinuka kukunja. Alikuwa amezungusha mara chache tu upepo ulipofika, na haukutoka baharini kama walivyozoea, bali ulitoka mashambani, ukaja moja kwa moja usoni mwa baraza. Turubai likajaa. Meno ya chuma yakapiga kelele, kitu kikavunjika kwa mlio mkavu, na mpini ukamchomoka mkononi ukazunguka wenyewe. Komeo lilikuwa limekatika. Chandarua chote kikafunguka kwa kishindo, kikainuliwa juu, kikapigwa chini, kikainuliwa tena. Mkono mmoja wa chuma ukang'oka ukutani pamoja na chokaa yake, ukawa unarukaruka juu ya kitanda cha Manilal, ambaye hakuweza kujisogeza.

Kahonzi alikuwa kichochoroni, amejibanza ukutani na kapu lake. Chanchalben hakumwita. Alikimbilia kisu chake cha bamia kilichokuwa kwenye ungo, akapanda juu ya ukingo wa kitanda, akamtazama mumewe. Kwa muda mfupi kabisa alimtazama, kwani kitu kile kilikuwa chake na hapakuwa na mwingine aliyekipenda kama yeye. Manilal akapunga mkono mara moja, kwa nguvu, kama anayekata. Chanchalben akachoma kisu katikati ya turubai, akakivuta chini kwa uzito wa mwili wake wote. Kitambaa kikapasuka toka juu hadi ukingoni, upepo ukapita katikati, na kile chuma kikaanguka sakafuni badala ya kuanguka juu ya mtu.

Mvua ikamwagika. Alipogeuka, Kahonzi alikuwa juu ya baraza, amekwisha kumtia Manilal mikono kwapani.

"Shika miguu, mama Daksha," alisema.

Wakambeba. Mlango wa karibu ulikuwa wa jikoni, wakapita humo, wakamlaza kwenye mkeka kando ya jiko. Kahonzi akavua kitambaa chake cha mabegani, akamfuta uso. Hapo ndipo Ishwarlal alipotokea kutoka dukani akitweta, akaona turubai limechanika, kaka yake yuko chini, na mwanamke asiyemjua amesimama kati ya vyungu vya nyumba yao, miguu ina matope. Hofu ilimfanya mkali. Alimwambia atoke upesi. Akasema jiko limetiwa unajisi, vyungu vyote itabidi vitupwe, na mgonjwa aogeshwe na kuombewa.

Manilal alikuwa akihangaika na mdomo wake. Wakamgeukia.

"Acha," alisema. Akavuta pumzi, akalitafuta neno jingine, akalipata. "Akae."

Ishwarlal akatoka kwenda kuuokota ule mkono wa chuma ulioanguka. Chanchalben alichemsha chai ya maziwa. Ilipokuwa tayari, aliitazama kata ya kifuu, iliyokuwa nje mvuani, akavitazama vikombe vyake vya shaba vilivyopangwa juu ya ubao. Mkono wake ulikawia. Mwishowe alichukua kikombe cha shaba, akakijaza, akampa Kahonzi mkononi, na vidole vyao vikagusana. Kesho yake aliliosha jiko zima na kulisiriba kwa samadi ya ng'ombe kama dini yake ilivyotaka, kwa kuwa aliyofunzwa utotoni hayakumtoka kwa siku moja. Kikombe hakukitupa. Alikisugua kwa majivu, akakirudisha mahali pake.

Turubai alilishona mwenyewe kwa uzi wa matanga, akitia kiraka kirefu cha merikani pale palipochanika. Fundi wa mjini akatengeneza komeo jipya, lisilolingana sana na meno yake, na tangu hapo chandarua hakikufunguka zaidi ya nusu. Nusu hiyo ilimtosha Manilal. Alikaa chini yake mwaka mwingine na miezi, akipungua, hadi alasiri moja ambayo Chanchalben aliinuka kuongeza mzunguko, akamwuliza kama jua linamsumbua, naye hakuinua kidole wala kukunjua kiganja. Aliumaliza mzunguko ule kwanza. Ndipo akamwendea.

Wanawake wa jamaa wakavunja bangili za Chanchalben, wakamvika sari nyeupe. Akakaa chumba cha ndani kama ilivyompasa mjane, miezi kwa miezi, na Ishwarlal na mkewe Manjula, aliyekuja kutoka Bara Hindi, wakamtunza vizuri, hapakuwa na lawama. Lakini alasiri zilikuwa ndefu. Alikuwa akijua bila kuona saa ambayo jua lilifika barazani, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukifumba wenyewe mapajani. Siku moja aliuchukua mpini, akatoka. Manjula alimwona, akampisha mlangoni. Hakuna aliyemkataza. Akafungua nusu ile, akakaa peke yake, na watu wa kichochoroni wakampa pole kwa zamu, wakiwa wamesimama.

Kahonzi hakuwa miongoni mwao, na baadaye hakuonekana kabisa. Ulikuwa mwaka 1914. Habari zilifika dukani vipande vipande: Wagiriama wamekataa kuipa serikali vijana wa kazi, wamekula kiapo, kumekuwa na mapigano. Walioishi kaskazini ya Sabaki waliamriwa wavuke mto waje upande wa kusini, na nyumba nyingi zikachomwa. Kichochoro kikawa kitupu. Chanchalben alifungua chandarua hata hivyo.

Kahonzi alikuja mwanzoni mwa mvua za vuli. Hakuwa na kapu. Alikuwa na mtoto mgongoni, mjukuu, na alikaa chini bila kuutua mwili vizuri, kama mtu aliyesahau namna ya kukaa. Chanchalben hakumwuliza. Alimletea chai, na alipokwisha kuinywa, Kahonzi alianza mwenyewe. Ghala lao la mahindi lilikwenda na moto. Mumewe, Gona, alikuwa hai lakini haongei. Walikuwa wakilala chini ya miti upande wa kusini wa mto, watu wote wa kaya moja, na walikuwa hawajapata nyasi za kuezekea, kwani huko waliko kila mtu alizitafuta. Mtoto huyu alikuwa akikohoa.

"Na mvua imeanza," alisema Chanchalben.

"Imeanza," alisema Kahonzi.

Chanchalben alitazama juu. Mistari ya kijani ilikuwa imefifia kuwa rangi ya majani makavu, na kiraka chake kilikuwa kimekaza kuliko kitambaa chenyewe. Alifikiri kuhusu Manilal, na alistaajabu kwamba hakuna kilichomzuia. Aliutia mpini katika pete, akaliteremsha turubai lote, hata ile nusu ambayo komeo jipya halikuiweza, akiushikilia mti kwa mkono wa pili ili usikimbie. Kisha akaingia ndani kuchukua kisu. Kahonzi alisimama kumzuia, akasema kitu hiki ni cha marehemu.

"Ndiyo," alisema Chanchalben. "Kwa hiyo kishike huko chini, kisiburuzike."

Wakakata pamoja mishono iliyolishikilia turubai kwenye ule mti wa mviringo. Lilikuwa kubwa lilipolala sakafuni, kubwa kuliko lilivyoonekana likiwa juu. Wakalikunja, wakalifunga kwa kamba, na Chanchalben akalinyanyua upande mmoja kumtwisha mwenzake. Ishwarlal, aliyekuja kuona ni nini kinachoendelea, alitazama uso wa shemeji yake, akarudi dukani akaleta kibaba cha chumvi na jora dogo la kitambaa, akaviweka ukingoni mwa baraza bila kumtazama mtu.

Mwaka uliofuata ulikuwa umefika katikati Kahonzi aliporudi, kapu kichwani, mahindi mabichi ya kuchoma yamejaa. Chanchalben alikuwa amekaa barazani, mgongo ukutani, mwavuli wa Manilal umefunguliwa begani. Kahonzi alipanda akakaa kando yake. Akasema mtoto amepona kikohozi, na kwamba wamejenga. Akasita, akasema kuna jambo linampa haya. Lile turubai wamelikata vipande viwili, kimoja wamempa mkwe wake aliyejifungua, na kipande chenye kiraka ndicho kilichobaki kwake. Walikuwa na shida, hawakupata nafasi ya kuja kumwuliza kwanza.

"Kiraka kinavuja?" aliuliza Chanchalben.

Kahonzi akafikiri, akaamua kusema kweli.

"Kidogo, upande mmoja."

Chanchalben akainuka, akaingia ndani kutafuta sindano kubwa na uzi wa matanga. Akamwonyesha, kwenye ncha ya sari yake nyeupe, namna ya kupitisha mshono mara mbili.